Waya wa Mikanjuni

Ulikatika Jumatano, na sikujua kwamba umekatika.
Nilidhani ni dunia iliyonyamaza:
kwenye masafa ya kati, pale ambapo saa tano usiku
hupita sauti moja nyembamba kama uzi,
palikuwa na mchakacho tu,
na taa mpya za jirani zikivuma kama nzi ndani ya chupa.

Asubuhi nikatoka na shati la kulalia.
Mita arobaini za shaba, toka pembe ya bati
mpaka mnazi wa Bi Mwantumu,
na katikati, mbichi, zinachuruzika maji,
kanga mbili, sare ya shule, blanketi.

"Bi Mwantumu."
"Abee."
"Huu si waya wa kuanikia."
"Kwani wa nini? Miaka yote unaning'inia bure."

Nilikuwa karani wa mizani kwenye mkonge, miaka ishirini na sita;
blanketi bichi nalijua uzito bila kulinyanyua.
Lakini si blanketi lililoukata.
Niliushusha, nikaupitisha kati ya gumba na kidole cha shahada
polepole, kama mtu atafutaye mwiba kwenye unyayo wa mtoto.
Mita ya kumi na moja, ngozi ya plastiki ikalegea.
Ndani hamna kitu: unga wa kijani.
Chumvi. Iliingia kwa tundu la sindano
mwaka nisioukumbuka,
ikala taratibu, na nje waya uking'aa,
hatujambo, salama, tunamshukuru Mungu.
Nikamfikiria ndugu yangu Mbelwa. Nikaacha kumfikiria.

Kukata, basi, mpaka shaba nyekundu ionekane.
Kukwangua kwa wembe. Kusokota ncha mbili
zishikane zenyewe kwanza,
kwa maana risasi haishiki, risasi hufunga mlango tu;
fundi anayeitegemea ibebe mzigo
atarudi juu ya bati kabla ya vuli.
Pasi niliipasha kwenye jiko la mkaa, umeme haukuwepo,
na kiungo nikakivika nta ya mshumaa na mpira wa baiskeli.

Kihami cha zamani kilikuwa na ufa. Nikaweka shingo ya chupa ya soda.
Kamba ni ya mkonge. Najua, nailoni haiozi,
ila mkono wangu haujui kufunga fundo la nailoni likatulia.
Hoza akapanda mnazi kwa elfu mbili na dafu moja,
akapitisha kamba kwenye kapi,
na mwisho wake tukaning'iniza dumu la mchanga, lita tano,
lipande na kushuka mnazi unapoyumba.
Chini, kwenye fimbo ya chuma, nikamwaga ndoo ya maji:
ardhi kavu haisikii.

Usiku umeme haujarudi. Nzi wote wamekufa.
Bi Mwantumu akaja na kigoda chake.
Nikazungusha kitufe, kidogo kuliko unene wa ukucha.
Mchakacho. Mchakacho. Kisha mwanamume,
mbali sana, anasoma kitu kama orodha,
akizama, akiibuka.

"Anasema nini?"
"Sijui."
"Lugha gani?"
"Sijui."
"Sasa unasikiliza nini?"

Nikaandika daftarini: saa tano na dakika kumi na mbili,
mwanamume, orodha. Nikamsogezea redio.
Hakuuliza tena. Baadaye sana akacheka peke yake.
"Huyu ana mafua."
Na kweli, alikuwa na mafua.

Vipande vya waya vilivyobaki, vile vyenye afya,
nimevikaza toka mlango wake mpaka ukuta wa choo,
usawa wa bega lake.
Sare ya shule inakauka hapo.
Siku nyingine, hasa alasiri, waya unavuma kidogo.
Bi Mwantumu anasema ni upepo.